Namna ya Kuwapa Watu Muswada wa Riwaya Wausome Kabla Haujawa Kitabu

Riwaya yangu ya kwanza niliwagawia watu 11. Tisa wakanijibu kwa neno lilelile: hongera. Wawili wakanyamaza. Nilikaa na zile hongera miezi miwili nikijua kazi imekwisha, mpaka mhariri mmoja aliponiuliza kwa nini mhusika mkuu anapotea kuanzia sura ya 9 na kuibuka sura ya 13 bila maelezo yoyote. Watu 11 walikuwa wamepita palepale. Baadaye nilipowauliza mmoja mmoja, sita walikiri kwamba waliona, wakashangaa, ila hawakutaka kunivunja moyo.

Siwalaumu. Ukikaribishwa chakula kwa watu husemi chumvi imezidi. Nami niliwauliza "Umeionaje?", swali ambalo mtu aliyelelewa vizuri hulijibu kwa namna moja tu. Tangu hapo nimepitisha miswada mingine mitatu mikononi mwa wasomaji wa awali, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyabadili: nani ninampa, ninampa nini, na ninamuuliza vipi ili adabu yake isinifiche ukweli.

1. Usitoe kitu unachojua kimevunjika

Ukimaliza kuandika, ufungie muswada wiki tatu au nne. Kisha usome wote kwa sauti, peke yako, mlango umefungwa. Mdomo hukwama pale ambapo jicho huteleza: sentensi ndefu isiyo na pumzi, majibizano ambayo watu wawili wanaongea kama mtu mmoja, mhusika aliyeanza akiitwa Mwanaidi na kufika katikati akiitwa Mwanahawa. Rekebisha hayo kwanza.

Mtu husoma hadithi kwa mara ya kwanza mara moja tu. Akishajua nani alichoma ghala, hawezi tena kurudi kwenye kutojua. Ukimpa rasimu yenye shimo unalolijua, atakueleza habari za shimo hilohilo, na macho yake mapya utakuwa umeyatumia bure.

2. Chagua watu watano, wala usiwape wote kwa pamoja

Watu watano wanatosha. Watatu wanasoma zamu ya kwanza, unarekebisha, wawili waliobaki wanasoma kile ulichorekebisha, bila kujua kilikuwaje zamani. Kosa langu na wale 11 lilikuwa pia hili, kwamba niliwamaliza wote siku moja. Nilipoiandika upya ile riwaya sikuwa na mtu hata mmoja wa kunisomea kwa macho mageni.

Natafuta watu wa aina tatu. Wa kwanza ni msomaji wa kawaida, yule anayeazima vitabu vya hadithi na kuvimaliza, asiye na haja ya kukuonyesha kwamba anajua fasihi. Huyu ndiye mwenye thamani kuliko wote na ndiye waandishi wengi wanayemsahau. Wa pili ni mwandishi mwenzako, mnayeweza kubadilishana: wewe unasoma wake, yeye anasoma wako. Mmoja anatosha, maana wawili wataanza kubishana wao kwa wao kuhusu usimulizi.

Wa tatu ni yule anayelijua jambo uliloliandikia. Kwenye muswada wangu wa pili kulikuwa na sura niliyoipenda kuliko zote: wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria, usiku, mwezi umejaa angani, karabai zinawaka kwenye mitumbwi. Nilimpa mzee mmoja aliyevua miaka mingi upande wa Musoma. Alisoma kurasa tatu akaziweka chini.

"Mwanangu, mwezi ukiwa mpevu sisi tunalala. Dagaa anafuata taa kwa sababu kuna giza. Mwezi ukishamwaga mwanga wake ziwa zima, taa yako ataifuatia nini?"

Sura nzima ilikuwa imesimama juu ya usiku ambao wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Niliihamishia usiku wa giza, na hapo ndipo ilipokaa sawasawa, kwa sababu sasa mhusika wangu hakuweza kumtambua mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi wa pili. Hakuna mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye angelikamata kosa lile. Kama riwaya yako iko pwani, mtafute mtu anayejua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) vinakujaje na mwandamo wa mwezi. Kama iko wodini, mtafute muuguzi. Kama wahusika wako wanasema Kipemba au Kimvita nawe umezaliwa Iringa, usimalize muswada bila sikio la mwenye lahaja yake.

Wapo watu ambao siwapi. Bosi wangu simpi, wala mtu ninayemdai au anayenidai, kwa sababu maneno yake yatakuwa na hesabu nyingine ndani yake. Mwenzi wangu wa nyumbani husoma mwisho kabisa; anazijua mno fikra zangu, hivyo hujaza mwenyewe yale niliyosahau kuyaandika.

Na kuna jambo zito zaidi. Kama umechota kwenye maisha ya mtu wa kweli, talaka ya dada yako au ugonjwa wa mjomba, usimfanye mtu huyo msomaji wa majaribio. Atakapofika kwenye sura hiyo hataisoma hadithi, ataisoma jeraha lake, na si haki kumwomba akuambie kama sura "inasonga". Nenda ukazungumze naye kwanza, ana kwa ana, umwambie umechukua nini na umebadili nini, na uwe tayari kusikia "hapana, hilo usiliandike". Mimi niliwahi kuambiwa hivyo na shangazi yangu. Nililiondoa, na sijutii.

3. Muulize kama ana nafasi kabla hujampa

Mtu akikuta bahasha nene mezani kwake hawezi kuikataa, ila anaweza kutoisoma, na kila mkikutana sokoni atakukwepa. Muulize mapema: ni kurasa ngapi, ni za habari gani, na unahitaji jibu baada ya muda gani. Mimi natoa wiki nne, nikijua zitakuwa sita. Angalia pia majira yake. Mwalimu akiwa kwenye kusahihisha mitihani ya mwisho wa mwaka usimwongezee karatasi. Mkulima wakati wa mavuno vilevile. Wapo wanaosoma vizuri sana mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe, na wapo ambao mwezi huo hawashiki kitu kingine isipokuwa Kurani. Uliza, usikisie.

Mpe ruhusa ya kukataa kwa maneno ya wazi: "Ukiona huna nafasi safari hii, niambie tu, nitakuletea mwingine." Anayekataa leo amekuokolea mwezi mzima.

4. Andaa nakala inayosomeka

Kwa watu wazima bado napendelea karatasi. Herufi ukubwa wa 12, mistari iachane kwa nafasi moja na nusu, pambizo ya kulia iwe pana ili pawe na mahali pa kuandika. Kila ukurasa uwe na namba. Ukisahau namba, simu zitakuwa "pale anapolia, karibu na katikati", na utatafuta mpaka usiku. Muswada wa maneno 60,000 hutoka kama kurasa 170 hivi kwa mpangilio huu. Ukichapisha pande mbili za karatasi unapunguza gharama na uzito. Wape stesheneri waufunge kwa waya wa plastiki, maana muswada unaofunguka na kulala bapa mezani husomwa zaidi ya ule uliobanwa pini kona moja.

Kwa wanaosoma kwenye simu, tuma PDF yenye herufi kubwa zaidi, 16 au 18, kwenye ukurasa mdogo, ili wasilazimike kuvuta maandishi kushoto na kulia. Gawa kwa sura, faili moja kwa kila sura tatu au nne. Mtu hufungua faili la kurasa 20 akiwa kwenye daladala, la kurasa 200 huliahirisha mpaka Jumapili ambayo haifiki. Na ukituma kwa mafungu, unajua pia aliishia wapi.

5. Ulinzi

Kila ninapokutana na waandishi wachanga, hofu yao ya kwanza ni kuibiwa. Nawaambia hivi. Hakimiliki ya riwaya yako inazaliwa pale unapoiandika. Haisubiri cheti cha mtu. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ukitaka kusajili ili uwe na ushahidi mkononi, ofisi za hakimiliki zipo: COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya. Elewa tu kwamba sheria hulinda namna ulivyoandika, hailindi wazo. Habari ya binti aliyeozwa kwa nguvu akatoroka usiku ni ya kila mwandishi. Maneno yako ndiyo yako.

Msomaji mwenye nia ya kukuibia ni nadra. Kinachotokea mara nyingi ni kusambaa kwa nia njema: umempa mmoja, kaipenda, kamtumia mdogo wake, mdogo wake kaitupia kwenye kundi la WhatsApp. Wanaouza simulizi kwa sehemu wanalijua hili vizuri, maana huzikuta kazi zao kwingine jina la mwandishi likiwa limefutwa na la mtu mwingine kubandikwa. Kwa hiyo kila nakala yangu ina maneno haya chini ya kila ukurasa: "Nakala ya" kisha jina la msomaji, "haijachapishwa, tafadhali usimpe mwingine". Mtu akiona jina lake kwenye kila ukurasa huishika nakala kwa mikono miwili.

Kusambaa kuna hasara nyingine wanayoigundua wengi wakiwa wamechelewa. Zipo tuzo zinazopokea miswada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ni mojawapo; ile ya Kiswahili ya Safal, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada pamoja na vitabu. Kama una nia ya kushindana, soma masharti ya mwaka huo kabla hujabandika hata sura moja mahali pa wazi, kwa sababu kazi iliyokwisha kuwekwa hadharani inaweza kuhesabiwa kuwa imechapishwa. Kuwapa watu watano nakala mkononi ni faragha. Kuirusha kwa wafuasi 3,000 ni jambo jingine kabisa.

6. Mkabidhi pamoja na barua fupi

Hapa ndipo pale adabu inapofunguliwa mlango wa kutokea. Barua yangu hukaa kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala, na huwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Asante kwa kukubali. Nakuomba usinisahihishie tahajia. Hilo litafanywa na mhariri. Nakuomba kalamu ya risasi na alama nne tu pembeni. Ukichoka, weka mstari. Usipoelewa, weka alama ya kuuliza. Usipoamini kwamba mtu angefanya hivyo, weka msalaba. Ukipapenda, weka nukta. Ukiamua kuacha kusoma kabisa, andika tarehe hapo ulipoachia, na usijilazimishe kuendelea. Hapo ulipoachia ndipo ninapopatafuta."

Maagizo hayo ya alama yamenifaa kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Mtu ambaye hawezi kukuambia "riwaya yako inachosha" anaweza kuweka mstari pembeni bila kuona haya, kwa sababu umemwomba. Kuweka alama ni kutii, si kukosoa.

Kuhusu tahajia, usipoitaja mapema utajuta. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mtu ninayemheshimu sana, alinirudishia kurasa 40 zimejaa wino mwekundu. Kila mahali mhusika wangu wa Unguja aliposema "ntakwenda" alikuwa amerekebisha kuwa "nitakwenda". Alifanya kazi ya siku nyingi, na kuhusu hadithi yenyewe hakuwa ameandika neno. Kosa lilikuwa langu kwa kutomwambia.

7. Kuna watakaosoma kwa masikio

Mama yangu macho yamepungua nguvu, na riwaya hajasoma nyingi maishani. Lakini hakuna anayejua kusikiliza hadithi kama yeye. Kwa hiyo kila muswada nachagua sura tatu, ya kwanza, moja ya katikati na ile ninayoitilia shaka, nikamsomee jioni, na majirani wawili watatu wakiwepo.

Ukifanya hivi, usiangalie karatasi muda wote. Waangalie watu. Kuna kimya cha kusikiliza na kuna kimya cha kungoja uishe, na utavitofautisha kwa mikono: anayesikiliza mikono yake imetulia, au inaendelea kuchambua mchele taratibu bila kutazama, anayengoja huanza kukung'uta kanga, kutafuta simu, kumwita mtoto. Weka alama ya penseli hapohapo uendelee. Wakicheka mahali ambapo hukukusudia kicheko, weka alama. Wakianza kuzungumza juu ya mhusika huku unasoma ("huyu mwanamume ni mwongo, mtaona"), usiwanyamazishe kwa lolote, waache waseme mpaka waishe. Hayo ndiyo uliyoyajia.

Na usimalize siri. Simama sura inapokwisha, uwaulize: "Mnadhani atafanya nini?" Kama wote watatu wamekisia kile utakachokifanya, una jambo la kufikiria. Kama hakuna hata mmoja anayejali, una jambo kubwa zaidi.

8. Siku ya kurudishiwa, funga mdomo

Mfuate msomaji alipo, mkae, nakala iwe kati yenu. Usiulize kama ni nzuri. Uliza matukio ya usomaji wake: Ulisoma kwa siku ngapi? Uliachia wapi ukaenda kulala? Ulirudi nyuma kutafuta kitu? Jina la nani umelisahau? Nisimulie hadithi kwa kifupi kama unamsimulia mtu ambaye hajaisoma. Swali hili la mwisho ni zuri mno, kwa sababu atakachokiruka katika kusimulia ni kile ambacho hakikumshika, hata kama kwako ndicho kiini.

Wakati anazungumza, andika. Usijitetee. Ukisema "Aa, lakini hilo linaelezwa sura ya 12", umemfundisha kwamba kila atakalosema lina jibu, na ataacha kusema. Naujua ule mchomo wa kusikia mtu hakumpenda binti uliyekaa naye kichwani miaka miwili. Meza mate, andika, useme "Endelea, Mwalimu".

Wengine hawawezi kusema ana kwa ana, hata uulize vipi. Hao waombe ujumbe wa sauti kwenye simu. Wakiwa peke yao chumbani watasema dakika saba mfululizo, na mara nyingi ukweli huja baada ya kile kimya cha pale wanapodhani wamemaliza.

9. Kuyapima maoni

Subiri nakala zote tatu zirudi kabla hujagusa muswada. Chukua daftari, kila sura upande wake, uhamishie alama za wote watatu. Hapo picha hujichora yenyewe. Mistari ya kuchoka ya watu wawili ikikutana kwenye kurasa zilezile, kuna tatizo, hata kama hawakulitaja walipozungumza. Alama ya mtu mmoja unaweza kuiacha, isipokuwa kama ni mjuzi wa jambo, kama yule mzee wa Musoma. Kwake yeye sauti moja inatosha.

Msomaji akikuambia pana shida, mwamini. Akikuambia dawa yake, pokea kwa shukrani halafu utafute mwenyewe. Kwenye muswada wa tatu watu watatu walikwama sura ya 7. Mmoja alisema mjomba afe mapema. Mwingine alitaka safari ya Kigoma iondolewe. Wa tatu alisema tu kwamba ameanza kumchukia Rehema na hajui kwa nini. Nilihangaika na sura ya 7 wiki mbili nzima. Tatizo lilikuwa sura ya 4: sikuwa nimeonyesha kwamba Rehema aliiona ile barua. Mimi nilijua ameiona. Wasomaji hawakujua, hivyo kila alichofanya baadaye kilionekana ni roho mbaya. Niliongeza mistari sita sura ya 4, na ya 7 sikuigusa. Wasomaji wa zamu ya pili walipita pale bila kuweka alama hata moja.

Ushauri ambao ungeifanya riwaya iwe ya mtu mwingine, uache. Mmoja aliwahi kunitaka nimalize kwa harusi. Nilimshukuru kwa dhati, maana alinionyesha jinsi alivyowapenda wale wawili, kisha mwisho wangu nikauacha ulivyo.

10. Rudisha fadhila, kusanya nakala

Gharama za kuchapa, za bando na za nauli ni zako wewe mwandishi, usimwache msomaji atoe hata senti. Waambie baadaye umebadili nini kwa sababu yao. Yule mzee nilimpelekea sura ya wavuvi iliyoandikwa upya, akaisoma mbele ya wajukuu zake. Majina yao yaweke kwenye shukrani za kitabu, baada ya kuwaomba ruhusa, kwani wengine hawapendi kutajwa, hasa kama riwaya inagusa siasa au mambo ya ndoa.

Zamu ya pili ikimalizika, simama. Kuna waandishi wanaogawa muswada miaka mitano, kila msomaji anang'oa jani moja. Wapelekee hao wawili wa mwisho, rekebisha kilichobaki, kisha umpelekee mhariri au mchapishaji nakala safi, isiyo na maoni ya mtu yeyote pembeni.

Nakala zilizorudi sizichomi. Nazifunga pamoja kwa uzi, naandika mwezi na mwaka juu ya ile ya kwanza, naziweka kabatini chini ya kamusi.